Mnyama Gani Aliliwa Hapa? Mifupa ya Kale na Ushahidi wa DNA

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Dodoma. Niliwapeleka wanafunzi wangu Kondoa kuona michoro ya miambani. Mmoja akaniuliza: "Huyu mnyama ni pofu au swala tu? Na tunajuaje kama waliomchora ndio waliomla?" Nikakumbuka kusikia redioni kwamba siku hizi wataalamu wanapima DNA ya mifupa ya kale na kujua wawindaji walikula nini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona mifano yote ni ya nchi za baridi, ilhali Olduvai iko kwetu?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amekupiga maswali mawili kwa mpigo, na hata sisi tunaoifanya kazi hii huyachanganya. La kwanza: ni mnyama gani? La pili: nani alimla? DNA, yaani vinasaba, hujibu la kwanza, tena kuliko macho ya mtaalamu yeyote, mradi ipatikane. La pili karibu haliwezi kabisa.

Tuanzie shimoni. Ukichimba kwenye pango walimoishi wawindaji, usitegemee kukuta fuvu zima la nyati limekukodolea macho. Unakuta makombo: mifupa iliyopasuliwa ili uboho utoke, ikatupwa motoni, ikakanyagwa, kisha ikatafunwa na fisi watu walipohama. Katika kila ndoo ya vipande, ni vichache tu ninavyoweza kuvishika mkononi na kusema bila wasiwasi, "hiki ni cha mguu wa mbele wa ngiri." Vilivyobaki tunaviweka kwenye mfuko ulioandikwa "havijatambulika", na mfuko unakwenda stoo. Taaluma yetu imeishi na mifuko hiyo kwa vizazi.

DNA ndiyo iliyoifungua. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya zaidi ya vipande 5,000 vya namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali za New Zealand. Hawakupima kimoja kimoja. Walivisaga kwa mafungu, wakasoma DNA iliyomo kwenye unga, wakailinganisha na maktaba ya vinasaba vya wanyama wanaojulikana. Wakakuta nyangumi wa spishi tano, ambao mifupa yao ikishavunjika huwezi kuitambua kwa macho, na kasuku wa ardhini aitwaye kakapo wa koo za vinasaba ambazo leo hazipo tena. Vyote hivyo vilikuwa vimelala kwenye mifuko ya "havijatambulika".

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyekutwa mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Aliuawa kwa mshale miaka 5,300 hivi iliyopita, na barafu ikamhifadhi pamoja na chakula chake tumboni. Vinasaba vya tumboni vilionyesha nyama ya mbuzi-mwitu wa milimani na ya kulungu mwekundu, pamoja na ngano ya kale. Mwaka 2016 wakapima na mavazi yake. Koti limeshonwa kwa vipande vya ngozi za mbuzi na kondoo wa kufugwa, kamba ya kiatu ni ya ng'ombe. Kofia, hata hivyo, ni ya dubu, na podo la mishale ni ngozi ya paa mdogo wa misitu ya Ulaya. Kwa hiyo huyu bwana alitoka katika jamii ya wafugaji, lakini alipokwenda milimani alivaa na kula vya porini pia. Hapo ndipo mahali pa nadra ambapo maswali yote mawili ya mwanafunzi wako yanajibika kwa pamoja, kwa sababu mlaji na mliwa wamo katika mwili mmoja. Sisi wengine hatuna bahati hiyo.

Mara nyingine DNA humsuta mtaalamu. Huko Tumat, Siberia, kulipatikana mtoto wa mbwa-mwitu aliyeganda tangu miaka 14,000 hivi iliyopita, na tumboni mwake kipande cha nyama chenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Kwa kuitazama tu, walidhani ni simba wa mapangoni. DNA ikasema: kifaru mwenye manyoya. Mtoto wa mbwa-mwitu hawezi kumwua kifaru, bila shaka. DNA ilitaja mnyama ikanyamaza. Nani alimwangusha kifaru yule, au kama alijifia, hakuna kinasaba kinachosema.

Ndiyo maana hatuachi kazi ya macho. Mfupa wenye DNA ya pofu pangoni unaweza kuwa umeletwa na chui, au fisi, au nungunungu anayependa kutafuna mifupa. Kinachonionyesha mkono wa mtu ni alama nyembamba za kisu cha jiwe pale misuli inaposhikana na mfupa, mpasuko wa mfupa uliogongwa ungali mbichi, weusi wa moto. Kule Olduvai, kwenye tabaka ambalo Mary Leakey aliliokotea fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959, alama za visu vya mawe kwenye mifupa ya wanyama zilianza kuelezwa kitaalamu mwaka 1981. Zina umri wa zaidi ya miaka milioni 1.8. Zimesomwa kwa hadubini, bila tone la DNA.

Sasa maabara wanafanyaje? Nakueleza kwa kifupi, maana wanafunzi hupenda sehemu hii. Mfupa huingizwa kwenye chumba ambacho hewa yake imechujwa, meza zake zimefutwa kwa jiki na kumulikwa taa za mionzi ya urujuanimno, na mtu amevaa ovaroli, barakoa na glavu mbili mbili. Uso wa mfupa hukwanguliwa, kisha keekee ndogo kama ya daktari wa meno hutoboa na kutoa unga, kwa kawaida miligramu 50 hivi, uzito wa punje mbili za mchele. Unga huyeyushwa kwa dawa, DNA hunaswa kwenye chembe za silika, kisha mashine husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja.

Vipande hivyo ni vifupi kupita kiasi. DNA ya mnyama aliye hai ina nyuzi za herufi mamilioni kwa mamilioni (herufi ni zile kemikali nne zinazoijenga: A, C, G na T). Ya kale mara nyingi hukatika ikawa na herufi 30 hadi 70 tu. Chukua gazeti zima, ulipitishe kwenye mashine ya kusaga, kisha uulize kama lilikuwa Mwananchi au Nipashe. Inawezekana, ukiwa na nakala nzima za yote mawili za kulinganishia. Isitoshe, vipande vingi utakavyovisoma si vya mnyama kabisa. Ni vya bakteria na kuvu wa udongoni. Katika nchi za joto mara nyingi sehemu ya mnyama mwenyewe haifiki hata asilimia 1.

Basi utajuaje kwamba asilimia hiyo si uchafu wa juzi? DNA ikizeeka hupata kovu la aina yake. Herufi C, hasa kwenye ncha za vipande, huharibika na kusomeka kama T. Mfupa ukitoa DNA ya ng'ombe isiyo na kovu hilo, mtilie shaka ng'ombe huyo. Na si mzaha: mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba hata dawa za maabara zinazouzwa kama safi zinaweza kubeba DNA ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Baadhi ya dawa hizo zina protini iliyotolewa kwenye damu ya ng'ombe! Mtu anatangaza kwamba amegundua ng'ombe wa kale kumbe amemgundua ng'ombe wa dukani. Mimi hadi leo nikisoma ripoti inayotaja nguruwe au kuku mahali pasipotarajiwa, natafuta kwanza ukurasa unaoeleza walivyojikinga na uchafu.

Nije kwenye lalamiko lako, kwamba mifano yote ni ya nchi za baridi. Una haki ya kulalamika, lakini lawama nyingi ni za jua.

Mwaka 2012 kundi la watafiti lilipima mifupa 158 ya miguu ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliokwisha, yote kutoka eneo moja ambalo wastani wa joto lake ulikadiriwa kuwa nyuzi 13. Waliona kwamba kipande cha DNA chenye herufi 242 hupungua kwa nusu kila miaka 521. Yaani baada ya miaka 521 inabaki nusu, baada ya 1,042 inabaki robo, na kuendelea. Hiyo ni nyuzi 13. Kadiri joto linavyopanda ndivyo saa hiyo inavyokimbia, na ikiwa mfupa unaloa masika na kukauka kiangazi kila mwaka, hali huwa mbaya zaidi. Kwenye ardhi iliyoganda saa karibu isimame. Kwa hiyo Siberia wamesoma DNA ya tembo wenye manyoya wa zaidi ya miaka milioni moja, na kaskazini mwa Greenland, mwaka 2022, wakasoma DNA iliyomo kwenye udongo wenyewe, yenye umri wa miaka milioni 2, ikiwemo ya jamaa wa tembo. Olduvai ina umri unaokaribiana na huo, lakini haikupata kuganda hata siku moja. Usiwadanganye wanafunzi kwamba kuna siku tutasoma DNA ya swala wa Zinjanthropus.

Hata hivyo kuna habari inayokuhusu wewe hasa, na nashangaa huko Kondoa haitangazwi zaidi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya DNA ya watu wa kale waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi, kutoka Malawi, Zambia na Tanzania. Mmojawapo ni wa Mlambalasi, Iringa, wa miaka 18,000 hivi iliyopita. Wengine walitoka Kisese II, mwamba wenye michoro papo hapo Kondoa, na umri wao ni karibu miaka 7,000. Ni DNA ya watu, si ya wanyama, lakini imekwisha kuonyesha kwamba udongo wa Kondoa unaweza kutunza vinasaba kwa miaka elfu saba, ukibahatisha mfupa unaofaa. Mfupa unaofaa mara nyingi ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao kwa mwanadamu na mnyama ni kama sanduku la chuma. Kwa mnyama aliyeliwa shida ni kwamba mara nyingi kichwa hakirudi kambini. Mwindaji huleta mapaja.

Kwa huku kwetu mimi singeanza na DNA. Ningeanza na protini. Kolajeni, ile protini inayoushikilia mfupa, huvumilia joto kuliko DNA, na kupima kwake ni rahisi. Inaweza kukutofautishia mbuzi na kondoo, jambo ambalo kwenye kipande kidogo limetutoa jasho tangu zamani. Udhaifu wake ni kwamba Afrika ina jamii nyingi sana za swala na jamaa zao, na kolajeni zao hufanana. Wakati mwingine jibu unalopata ni kundi, si spishi. Lakini mnyama aliyekuwa "hajatambulika" akishakuwa "ama huyu ama yule", tumepiga hatua. Kisha vile vipande vichache vilivyo na kolajeni nzuri ndivyo ningevipeleka kwenye DNA. Na kuhusu kudumu, rekodi mojawapo ya dunia iko kwetu: mabaki ya protini yalisomwa kwenye ganda la yai la mbuni kutoka Laetoli, la miaka milioni 3.8. Mwaka 2025 kundi jingine likaeleza protini za enameli ya meno ya wanyama wa bonde la Turkana, Kenya, zenye umri wa hadi miaka milioni 18. Joto letu linaua DNA, ila halijaua kila kitu.

Kuna swali ambalo mwanafunzi wako hakuliuliza, lakini ndilo DNA imelifanyia kazi kubwa kuliko yote: wawindaji waliwamaliza wanyama, au walikuwa wakiisha wenyewe?

Rudi kwa moa. Walikuwa spishi tisa, ndege wasio na mabawa hata ya kusingizia. Wamaori walifika kutoka Polynesia karibu na mwisho wa karne ya 13, na katika muda usiozidi karne mbili moa wote walikuwa wamekwisha. Wapo waliodai kwamba ndege hao walikwisha kudhoofika kwa magonjwa au volkano. Mwaka 2014 vikasomwa vinasaba vya moa 281 wa spishi nne. Hesabu yake ni kama ya vijiji viwili: kijiji kimoja kina koo arobaini, kingine kila mtu ni binamu ya mwenzake. Ukiwapima watu wachache tu wa kila kijiji utajua kipi kilipata kubaki na wakazi wachache. Moa walikuwa kijiji cha koo nyingi hadi siku za mwisho. Hawakuonyesha dalili yoyote ya kupungua kabla ya watu kufika.

Vinasaba hivyo hivyo viliwahi kuwaumbua wataalamu wa ndege. Moa wale wakubwa kabisa waligawanywa katika spishi tatu kwa ukubwa wa mifupa. Mwaka 2003 DNA ya jinsia ikaonyesha kwamba tofauti ile ya ukubwa ilikuwa ya jike na dume: jike aliweza kufikia karibu mara tatu ya uzito wa dume. Na DNA iliyobaki kwenye uso wa nje wa maganda ya mayai ilikuwa ya madume. Inaelekea wao ndio waliokuwa wakiatamia. Mabaki ya mayai hayo yamejaa kwenye kambi za wawindaji kama Wairau Bar, ambako mwaka 1939 mvulana wa shule, Jim Eyles, alifukua yai na kaburi. Ukiwa unakula mama, unakula baba juu ya kiota, na unakula yai, huhitaji kuwa watu wengi ili umalize ndege.

Ila usiufanye huo kuwa kanuni ya dunia nzima. Kifaru mwenye manyoya wa Siberia alipopimwa mwaka 2020, kwa vinasaba vya vifaru 14, alionekana kudumu na idadi yake kwa maelfu ya miaka akiwa anaishi jirani na wawindaji. Kilichofuatana na kwisha kwake ni kupanda kwa joto. Nyati wa nyika za Alaska na Siberia, kwa utafiti wa mwaka 2004, walianza kupungua kama miaka 37,000 iliyopita, kabla watu hawajajaa huko. Kila mnyama ana kesi yake. Mtu akikuambia wawindaji wa kale walimaliza wanyama wote, au hawakumaliza hata mmoja, mwulize anamzungumzia yupi.

Na sasa michoro. Kwenye pango la Pech-Merle, Ufaransa, kuna farasi wawili weupe wenye madoa meusi, wa miaka 25,000 hivi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa madoa ni ndoto au alama za ibada. Mwaka 2011 watafiti walisoma vinasaba vya rangi katika farasi 31 wa kabla ya kufugwa, wakakuta 6 wana kinasaba cha madoa. Inaonekana mchoraji alichora alichokiona. Nafurahia mfano huu, lakini angalia: haukupima rangi ya mwambani. Ulipima mifupa ya farasi, ukalinganisha na picha.

Kama unataka jambo lililokaribia zaidi kuwaunganisha mtu na mnyama bila barafu, ni pambo la jino la kulungu kutoka pango la Denisova, Siberia, lililochapishwa mwaka 2023. Jino lilitobolewa na kuvaliwa shingoni kati ya miaka 19,000 na 25,000 iliyopita. Badala ya kulitoboa tena, walilizamisha kwenye maji ya chumvi maalumu wakiyapasha moto kidogo kidogo hadi nyuzi 90. Ikatoka DNA ya kulungu, na nyuma yake DNA ya mwanamke, iliyoingia kwa jasho au mate. Hatujui kama yeye ndiye aliyewinda. Tunajua tu kwamba alilishika sana.

Ushauri wa kazi, ukiwarudisha wanafunzi Kondoa. Wakiona mfupa umetokeza ardhini, wasiuguse, na hasa wasiuoshe. Wapige picha na kutoa taarifa kwa watu wa mambo ya kale. Nilipokuwa mwanafunzi niliosha mifupa kwa mswaki na maji ya kisima, nikaianika juani ikang'aa, nikasifiwa kwa usafi. Miaka michache baadaye nikasoma utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2007 kuhusu mifupa ya ng'ombe-mwitu yenye umri wa miaka 3,200 kutoka mahali pamoja: iliyochimbwa mwaka 1947 na kukaa makumbusho haikutoa DNA hata kidogo, iliyochimbwa mwaka 2004 na kupelekwa maabara moja kwa moja ikatoa. Nilikumbuka ule mswaki.

Na kuhusu mnyama wa mwambani, hapo hatuna mfupa, tuna rangi tu, kwa hiyo mwambie kijana atumie macho. Aangalie shingo: pofu ana ngozi inayoning'inia chini ya koo na nundu begani, na pembe zake zimenyooka kwenda nyuma. Asipoona hayo matatu, aandike kwenye daftari "swala, hajatambulika", kama tunavyoandika sisi.